Barua ya wazi kwa madiwani wa kaunti: ubao wa makaburini uitaje na sheria

Waheshimiwa madiwani, nanyi mnaosimamia makaburi na majengo ya kale ya kaunti,

Shikamooni.

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku katika nyumba ya wazee iliyo pembezoni mwa mji wenu, magharibi ya Ayalandi. Mwezi uliopita mlibandika getini kwetu maneno ya ubao mnaotaka kuusimika katika uwanja wa nyuma, pamoja na mchoro wa kupanua maegesho ya magari, mkaomba wananchi watoe maoni. Nilituma yangu kwa Kiingereza. Nikajibiwa kwa mistari miwili kwamba yamepokelewa. Leo nayaandika upya kwa Kiswahili, hadharani, kwa sababu yapo mambo ambayo nikiyasema kwa lugha ya kuazima yananiponyoka, na kwa sababu wenzangu wanaosoma Kiswahili wanafanya kazi katika nyumba kama hii bila kujua kuta zake zilijengwa kwa ajili gani. Nakala ya Kiingereza mnayo.

Ubao wenu unasema, kwa ufupi, kwamba hapa wamezikwa watu wa wilaya hii waliokufa kwa njaa viazi vilipooza, kati ya 1845 na 1852. Hakuna uongo hapo. Lakini msomaji ataondoka akiamini kwamba aliyewaua ni kiazi.

Kiazi nakijua. Nimezaliwa Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako viazi mviringo ndivyo vilivyonilipia ada ya shule. Ugonjwa ulioingia Ayalandi Septemba 1845, ambao wataalamu wanauita Phytophthora infestans, na kwetu upo. Tunauita ukungu. Mvua ikinyesha mfululizo na baridi ikakaa, unaliacha shamba la kijani, na baada ya siku chache unakuta majani yameungua kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Halafu inakuja harufu. Marehemu mama akiisikia alikuwa anakaa chini kwanza kabla ya kuingia shambani. Msimu mmoja, nikiwa darasa la tano, tulipoteza karibu kila kitu. Mama alikopa, tukala mahindi ya shangazi, mimi nikakaa nyumbani muhula mzima. Hakuna aliyezikwa. Viazi vikioza ni hasara. Hasara hiyo ikigeuka kuwa shimo la maiti nyuma ya jengo la serikali, basi kuna watu waliokaa mezani wakaamua jambo.

Naanzia kwenye jengo lenyewe, maana nalitembea kila usiku. Mwaka 1838 Bunge la London, lililokuwa likiitawala Ayalandi moja kwa moja tangu muungano wa 1801, lilipitisha Sheria ya Maskini. Nchi ikagawanywa wilaya 130, kila wilaya ikajengewa jumba moja la mawe, na michoro yote ikatoka kwa msanifu mmoja, George Wilkinson. Ndiyo maana mtu akienda Carrickmacross, au Dunfanaghy, anakutana na sura ileile: jengo dogo la mbele la kupokelea watu, jengo kubwa nyuma yake, wagonjwa mwisho kabisa, na baada ya wagonjwa, uwanja wa kuzikia. Watu wa hapa waliliita kwa lugha yao teach na mbocht, nyumba ya maskini. Jina hilo halihitaji kutafsiriwa mara mbili kwa Mswahili.

Majumba hayo yalikusudiwa yachukize. Maisha ya ndani yalipaswa kuwa mabaya kuliko maisha duni kabisa ya nje, ili asiingie ila aliyeishiwa kabisa. Mlangoni familia ilikatwa vipande: mume huku, mke kule, wavulana kwao, wasichana kwao. Nguo zao zilichukuliwa, wakavishwa sare. Wanaume walivunja mawe. Na nje ya lango, kwa miaka tisa ya mwanzo, sheria haikuruhusu maskini apewe hata kibaba cha unga. Ukitaka msaada, ingia. Ukikataa kuingia, basi huna shida.

Haya yote yalikuwa tayari kabla ya kiazi cha kwanza kuoza. Hesabu ya watu ya 1841 ilipata watu 8,175,124 kisiwani. Mamilioni yao waliishi kwenye vipande vya ardhi vya kukodi, vidogo kiasi kwamba zao moja tu ndilo lililoweza kuwashibisha. Shayiri, siagi na nguruwe vilikuwepo, lakini hivyo vilikuwa vya kulipia kodi ya kabaila. Mkulima alizalisha vyakula vinne akala kimoja.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye mahindi, kwa sababu hapa naona nina la kusema ambalo pengine diwani aliyezaliwa huku halioni haraka. Mwishoni mwa 1845 waziri mkuu Robert Peel aliagiza kwa siri mahindi ya Marekani ya pauni 100,000. Nia ilikuwa nzuri, na katika mwaka ule wa kwanza vifo havikuwa vingi. Lakini yalikuwa mahindi makavu, magumu kama kokoto, na yaliletwa kwa watu ambao hawakuwa na kinu, hawakuwa na mawe ya kusagia, na hawakuwahi kuyaona. Mama yeyote wa Njombe angewaambia: yakoboeni kwanza, yasageni, uji uchemke hadi uive. Hakukuwa na mama wa kuwaambia. Waliyachemsha yakiwa nusu yamesagwa, wakala kwa pupa ya njaa, matumbo yakawakata. Wakayapa jina la kiberiti cha Peel, kiberiti kwa maana ya salfa. Na hata walipojifunza kuyapika, kuna kitu mahindi hayana ambacho kiazi kilikuwa nacho. Huko Kilkenny, mwaka 2005, wajenzi waliokuwa wakiandaa eneo la maduka kwenye uwanja wa jumba la zamani la maskini walifukua mashimo ya maziko ambayo hayakuwa kwenye ramani yoyote. Walikuwemo watu wasiopungua 970, zaidi ya nusu yao watoto. Wataalamu walipoisoma mifupa walikuta dalili za kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, kwa wengi. Kiazi cha maganda, kikiliwa kwa wingi, kinampa mtu vitamini C ya kutosha. Uji wa mahindi mtupu haumpi. Kwa hiyo walikuwa wakilishwa huku fizi zao zinaoza.

Naomba muwakumbuke hao 970 mtakapoufikia mchoro wa maegesho.

Mwaka 1846 viazi viliharibika karibu vyote. Serikali mpya ya London, ambayo mambo ya fedha za misaada yalikuwa mikononi mwa Charles Trevelyan wa Hazina, ilitegemea kazi za umma: mwenye njaa avunje mawe, atengeneze barabara, alipwe ujira, akanunue chakula ambacho bei yake ilikuwa inapanda kila wiki. Machi 1847 watu zaidi ya 700,000 walikuwa kwenye kazi hizo, wakifanya kazi katika baridi kali bila nguo za maana. Barabara nyingine zinaishia mlimani hadi leo.

Halafu likafanyika jambo moja sahihi, na kwangu mimi hili ndilo linaloumiza kuliko yote. Sheria ya Februari 1847 iliruhusu masufuria ya supu. Chakula kilichopikwa kiligawiwa kwa watu, bila kuwaingiza ndani ya jumba, bila kuwavunjisha mawe. Kufikia Julai 1847 watu milioni 3 walikuwa wanakula kila siku kutoka kwenye masufuria hayo. Milioni tatu, bila simu, bila lori, kwa mikokoteni. Msomaji wa ubao wenu akiambiwa hilo ataelewa kwamba uwezo ulikuwepo. Serikali ilijua kulisha, na ililisha. Ilipofika vuli ya mwaka uleule masufuria yakafungwa. Viazi vya 1847 vilitoka salama, ikasemwa shida imekwisha. Vilikuwa salama, lakini vilikuwa vichache mno, kwa sababu mbegu zilikuwa zimeliwa. Kwetu mtu akionekana anachemsha mbegu, majirani wanakuja kumwona kama wanavyokwenda msibani. Mwaka 1848 ukungu ukarudi.

Kuanzia hapo mzigo wote uliwekwa juu ya Sheria ya Maskini, yaani juu ya majumba kama hili letu, yaliyoendeshwa kwa kodi inayokusanywa katika wilaya ileile. Fikirini maana yake, ninyi mnaopanga bajeti. Wilaya iliyooza zaidi ndiyo iliyokuwa na wenye njaa wengi zaidi, ndiyo iliyokuwa na walipa kodi wachache zaidi, na ndiyo iliyotakiwa kukusanya fedha nyingi zaidi. Waliokaa kwenye baraza la walezi wa maskini, lililoendesha jumba, ndio haohao waliolipa kodi hiyo, kwa hiyo kila aliyepokelewa langoni aliwatoka mfukoni. Kulikuwa na kifungu kingine: kwa kila kiwanja chenye thamani ya pauni 4 kwenda chini, aliyelipa kodi ya maskini alikuwa kabaila, si mpangaji. Mwenye wapangaji wadogo mia mbili alikuwa na njia rahisi ya kupunguza deni lake. Awatoe, abomoe vibanda, asidaiwe.

Na sheria ikampa chombo cha kuwatolea. Juni 1847 iliporuhusiwa hatimaye kuwapa watu msaada nje ya jumba, mbunge wa Dublin, William Gregory, alikuwa amechomeka kifungu kimoja: mwenye kushikilia ardhi inayozidi robo eka asipate msaada wowote mpaka aiachie. Kura zilikuwa 117 za kukiunga mkono na 7 za kukipinga. Robo eka ni kama mita 30 kwa 34. Ni bustani ya mboga. Mtu aliyekuja langoni kwetu na watoto watano aliulizwa una ardhi kiasi gani. Akisema ekari mbili, aliambiwa akaziandikie karatasi ya kuziacha, ndipo watoto wale. Akiziacha, anakula leo na hana pa kupanda kesho, na kabaila akishaipata ardhi anaezua na paa la nyumba. Akikataa, anarudi nyumbani na watoto. Mwaka 1848 ilibidi utolewe ufafanuzi kwamba mke na watoto wa aliyekataa wanaweza kupokelewa. Hebu pimeni huo ufafanuzi ulichelewa kwa wangapi.

Kilrush, katika kaunti ya Clare, tunajua kwa undani kilichotokea kwa sababu mkaguzi wa Sheria ya Maskini aliyepelekwa huko, Kapteni Arthur Kennedy, aliandika. Alihesabu vibanda vilivyobomolewa, wiki baada ya wiki, akapeleka orodha kwa wakubwa wake. Kati ya mwisho wa 1847 na 1850 waliotolewa majumbani mwao katika wilaya ile moja wanakadiriwa kuwa watu 20,000. Kennedy alikuwa mtumishi wa serikali ileile. Hakuwa mpinzani. Aliona, akaandika, na maandishi yake yakafika bungeni. Namtaja ili pasiwe na anayesema kwamba mambo haya hayakujulikana wakati ule.

Yalijulikana hata kabla. Desemba 1846 hakimu mmoja wa Cork, Nicholas Cummins, alikwenda upande wa Skibbereen na mikate ambayo watu watano waliweza kubeba. Alikuta kijiji kama kimehamwa. Akaingia kibanda cha kwanza, akaona mifupa sita imejikunja kwenye majani machafu, akadhani ni maiti, mpaka aliposikia inaguna. Walikuwa watoto wanne, mwanamke, na mtu aliyewahi kuwa mwanamume. Akaandika barua ya wazi kwa Duke wa Wellington, jemadari maarufu wa Uingereza, akamwomba kama Mwayalandi mwenzake, na gazeti la The Times likaichapa mkesha wa Krismasi. Barua ya wazi, waheshimiwa, kama hii. Skibbereen leo, kwenye makaburi ya Abbeystrewry, wamelala watu kati ya 8,000 na 10,000 kwenye mashimo. Majeneza yalikuwa na sakafu ya bawaba: maiti anashushwa, jeneza linarudi kumchukua mwingine.

Na Doolough, kaunti ya Mayo, Machi 1849. Wenye njaa wa Louisburgh walikusanyika wakaguliwe ili waendelee kupata unga wao, ratili moja ya mtu mzima kwa siku. Wakaguzi walikuwa wamekwenda kulala Delphi Lodge, nyumba ya wawindaji, karibu kilomita 20 kupitia bondeni, wakaagiza watu wafike huko asubuhi. Watu walitembea usiku, kwenye baridi na mvua, wakafika, wakarudishwa mikono mitupu. Waliokotwa kando ya njia. Kila ninapomwona mzee wetu mmoja akitembezwa korido kwa mkongojo, hatua kumi, kupumzika, hatua kumi, naiwaza ile barabara.

Mtaniambia jimbo lilikuwa maskini, fedha zilitoka wapi. Kamishna mkuu wa Sheria ya Maskini nchini, Edward Twisleton, alijiuzulu 1849 kwa swali hilohilo. London ilikuwa imeamua kwamba wilaya za magharibi zilizofilisika zisaidiwe kwa kodi ya ziada ya pensi 6 kwa kila pauni ya thamani ya mali, ikitozwa Ayalandi peke yake. Kama ni dola moja, kwa nini msiba ubebwe na upande mmoja? Hakupata jibu la kumtosha, akaacha kazi. Kufikia hesabu ya 1851 kisiwa kilikuwa na watu 6,552,385. Takriban milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni wameondoka, wakiwemo wasichana yatima zaidi ya 4,000 waliotolewa majumba haya wakapelekwa Australia.

Sisemi kila aliyefanya kazi humu alikuwa mkatili. Madaktari, mapadri, wachungaji na wahudumu wa majumba haya walikufa kwa homa ileile waliyokuwa wakiiuguza. Kama wapo waliozikwa nyuma pamoja na wagonjwa wao, na wao nawaombea jina.

Sasa kuhusu mzee wetu. Siri ya kazi inanizuia kumtaja, na mambo yake nimeyachanganya na ya wenzake ili asijulikane. Moyoni namwita babu. Alipoletwa kwetu alikataa kupita lango la mbele. Ilibidi gari lizunguke. Baadaye aliniambia kwamba utotoni mwake, miaka ya 1930, watu hawakusema fulani kapelekwa hospitali. Walisema kaingia kule, wakashusha sauti. Serikali huru ilikuwa imebadilisha jina la majumba haya miaka ya 1920, ikayaita nyumba za kaunti, lakini ukuta uliachwa uleule. Alinieleza pia ni ukoo gani wa kijijini kwao ambao bado unasemwa kwamba walikunywa supu, yaani walibadili dhehebu ili wapate chakula kwa wamisionari. Karne na zaidi, na wajukuu wa wajukuu bado wanabeba lile bakuli. Nikamuuliza, na kabaila aliyebomoa vibanda anasemwaje? Akafikiri sana. Akasema, huyo alihama. Kuhusu robo eka hakuwa amewahi kusikia. Miaka tisini na kitu amekaa jirani ya makaburi haya, anajua nani alikunywa supu na hajui sheria iliyomfikisha pale. Ubao wenu, ukiachwa ulivyo, utaendeleza hivyo hivyo.

Ninachoomba kinaingia kwenye ubao mmoja na ajenda ya kikao kimoja. Andikeni, chini ya maneno yenu, mistari mitatu: kwamba jumba hili lilijengwa chini ya sheria ya 1838, kwamba masufuria yaliyokuwa yakilisha watu milioni 3 nchini yalifungwa 1847, kwamba tangu mwaka huo mwenye zaidi ya robo eka hakupata chakula hapa mpaka aiache ardhi yake. Iandikeni kwa Kiayalandi pia, maana ndiyo lugha waliyofia wengi wao.

Madaftari ya vikao vya walezi wa jumba hili yapo kwenye makasha, nimeoneshwa mgongo wake na si ndani yake. Yafungueni. Yapigwe picha, yasomwe na watoto wa shule, na jina lolote litakalopatikana humo litolewe nje.

Na maegesho yahamie upande wa barabara. Tunaoegesha pale ni sisi wafanyakazi. Nimewauliza wenzangu wa zamu zote. Tuko tayari kutembea.

Kikao chenu ni Jumatatu saa mbili usiku, saa ileile ninayoingia kazini. Mwenzangu amekubali kunishikia zamu kwa saa moja. Nitakaa kiti cha nyuma, karibu na mlango.

Wenu mtiifu,
Muuguzi wa zamu ya usiku